Klachi ya Hilux inazama mpaka chini, fundi anataka kushusha gia boksi

Mboga_za_Soni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa anayejua haya mambo ya klachi. Nina Hilux pickup ya dizeli, injini aina ya 5L, gia za mkono, kazi yake ni kushusha mboga kutoka Soni mpaka Mombo na siku nyingine inafika Korogwe. Wiki iliyopita klachi ilianza kuwa laini, asubuhi ukiwasha gari gia zinakataa kuingia, rivasi ndo inakwaruza balaa, ila ukipampu pedali mara kadhaa inaingia vizuri unaendelea na safari. Sasa kuanzia juzi hata kupampu hakusaidii sana, ukikanyaga pedali inazama mpaka chini na inabaki hukohuko, inabidi uinyanyue kwa kidole cha mguu irudi juu. Jana nikiwa na mzigo kwenye zile kona za kushukia Mombo nikataka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili ikagoma kabisa, nikamaliza mteremko kwa breki tu, moyo uko mdomoni.

Nimempelekea fundi mmoja, hata boneti hakufungua, kakanyaga pedali mara moja akasema klachi pleti imekwisha, tushushe gia boksi tubadilishe pleti, presha (ile sahani inayobana pleti) na bearing. Hela aliyotaja pamoja na ufundi ni zaidi ya faida yangu ya mwezi. Kinachonifanya nisite ni kwamba gari lina nguvu kama kawaida, likirudi juu na mifuko ya mbolea linapanda bila shida yoyote. Halafu kile kikopo kidogo cha mafuta ya klachi pale kwenye boneti kinashuka, nimeongeza kimeshuka tena. Kweli hii ni pleti? Na kama siyo, kuna kitu naweza kukagua mwenyewe hapa nyumbani? Spana ninazo, jeki ninayo, na kijana wa kunisaidia yupo.

Dizeli_Mtupu

Mkuu usiruhusu mtu ashushe gia boksi, gari lako lishajieleza lenyewe. Klachi pleti ikiisha dalili yake ni kuteleza, yaani unakanyaga mafuta injini inalia juu lakini gari haliongezi mwendo, hasa kwenye mlima na mzigo, na mara nyingi unasikia harufu ya kuungua. Wewe unasema linapanda na mbolea bila shida, kwa hiyo pleti inashika. Tatizo lako ni la upande wa pili, klachi haiachii, na klachi isiyoachia kwenye gari lenye klachi ya mafuta kama hilo kitu cha kwanza kuangalia ni mafuta yenyewe, masta ya juu, paipu na masta ya chini. Rivasi ndo inaanza kulalamika kwa sababu kwenye gia boksi nyingi haina ile ringi ya kulinganisha mwendo kama gia za mbele, meno yanagongana moja kwa moja, ndo maana klachi ikiburuza kidogo tu rivasi inakuambia kabla ya nyingine.

Mfumo wenyewe hauna ugumu, ukikanyaga pedali inasukuma fito ndani ya masta ya juu, pistoni inasukuma mafuta yanashuka kwenye paipu mpaka masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, pistoni ya huko nayo inasukuma fito inayosukuma foku, foku inasukuma bearing, presha inaachia pleti. Mafuta hayapungui bila sababu. Breki zikichakaa pedi mafuta ya breki yanashuka kidogo kwenye kopo lake, lakini kwenye klachi hakuna kitu kama hicho, pleti ikiisha pistoni ya chini inarudi ndani zaidi, kwa hiyo mafuta kama yanabadilika basi yanapanda. Kikopo kikishuka jua yanavuja mahali, kazi yako ni kuyafuata.

Anzia ndani. Chukua tochi ingia chini ya dashibodi, angalia pale fito ya pedali inapoingia kwenye masta ya juu, pitisha kidole, halafu shika kapeti chini ya pedali kama limelowa. Kukiwa na maji maji ya kunata, masta ya juu imekufa raba ya nyuma. Na ukiwa hukohuko hakikisha kapeti halijajikunja chini ya pedali, nimeona watu wamenunua spea kumbe pedali haimalizi safari yake kwa sababu ya kapeti.

Halafu nenda chini. Weka kigingi kwenye matairi, ukinyanyua gari weka stendi, usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja. Tafuta masta ya chini, ina bolti mbili, ina mpira mweusi mbele ambao fito inapitia. Funua huo mpira taratibu kwa kidole. Ukikuta pamekauka, salama. Mafuta yakimwagika umeshampata mwizi wako. Kuanzia hapo fuata paipu yote mpaka juu ukiangalia maungio.

Na kingine nakuomba sana, usishuke tena Mombo na mzigo kabla hujatengeneza. Ile barabara haitaki majaribio, gia ikikukatalia katikati ya mteremko breki peke yake zitachemka.

KirinyagaRd_Spares

Nikiongezea hapo kwa mkubwa Dizeli, kuna ugonjwa mmoja ambao hauachi tone lolote nje na ndio unaowachanganya wengi. Raba ya ndani ya masta ya juu ikilika, ukikanyaga mafuta yanaipita pembeni yanarudi kwa kikopo badala ya kushuka chini. Kikopo kiko full, hakuna leak, lakini pedali inazama. Ya huyu ndugu wa Soni inapunguza mafuta kwa hivyo kuna mahali yanatoka, lakini aangalie na hii pia maana magonjwa yanaweza kuwa mawili.

Kuijua: gari mahali tambarare na hakuna mtu mbele, washa injini, kanyaga klachi, tia gia ya kwanza, shikilia pedali hapo chini bila kupampu kama nusu dakika huku mguu mwingine uko karibu na breki. Gari likianza kujivuta polepole lenyewe, presha inatoroka.

Njia nyingine ni kubana ile hosi ya mpira inayoshuka kwa masta ya chini. Funga kitambaa kwanza halafu bana na klempu isiyo na meno, usitumie koleo utaikata. Kanyaga pedali. Ikiwa ngumu juu, basi masta ya juu ni nzima na shida iko chini ya pale umebana. Ikiendelea kuzama, shida ni ya juu. Kama hosi ni ya kitambo na ina nyufa usiibane kabisa, badilisha tu, na kabla ya kuitoa mwambie kijana akanyage pedali wewe umeishika kwa mkono, ukiskia inafura ujue nguvu inaishia hapo badala ya kufika chini.

Mboga_za_Soni

Wakuu Mungu awabariki. Nimeingia chini asubuhi hii. Kapeti kavu kabisa, juu hakuna kitu. Nimefunua ule mpira wa masta ya chini, yametoka mafuta meusi tii kama kahawa, yametiririka mpaka kwenye mkono, na ubavu wote wa gia boksi pale umelowa. Ile ya kubana hosi sijaifanya maana hosi yenyewe imepasuka pasuka.

Sasa maswali. Ninunue ripea kiti ya raba au nichukue masta nzima? Na mafuta gani niweke, maana hapa dukani ananiambia haidroliki yoyote inafaa, hata ya usukani.

BiSpana_Mwanza

Kaka usithubutu kuweka mafuta ya usukani wala ya injini humo, naomba ulichukulie hili kwa uzito. Raba za masta za klachi na breki zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, zikikutana na mafuta kama hayo ya usukani au injini zinavimba zinakuwa laini kama jeli na siku chache tu unabadilisha kila kitu, juu, chini mpaka hosi. Angalia mfuniko wa kikopo chako, Toyota wameandika aina ya mafuta palepale, kwa Hilux za umri huo ni DOT 3, na DOT 4 unaweza kuiweka bila shida. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni, hiyo ni kitu tofauti kabisa, ila DOT 5.1 iko familia moja na 3 na 4. Nunua chupa iliyofungwa, ile iliyokaa wazi kwenye shelfu acha, kwa sababu mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. Masta yako ya chini iko karibu na joto la injini na egzosi, na wewe unapanda mlima na mzigo, maji yakichemka humo yanakuwa mvuke na mvuke unabanika, pedali inakuwa laini tena bila kuvuja popote.

Kuhusu raba au masta nzima, jibu liko ndani ya silinda. Toa masta ya chini, toa pistoni na springi, futa ndani kwa kitambaa safi chenye mafuta ya breki au spiriti (petroli na dizeli hapana), angalia kwa tochi halafu pitisha ukucha. Ukuta ukiwa laini unang'aa, ripea kiti inatosha na ni hela ndogo sana. Ukucha ukikwama kwenye mchubuko, au ukiona vishimo vya kutu, nunua nzima, maana raba mpya kwenye ukuta mbovu inachunika haraka na unarudi kulekule. Weusi wa mafuta yako ni raba iliyosagika, na mara nyingi kinachoisaga ni ukuta mbovu, kwa hiyo jiandae kununua nzima.

Ukienda dukani au ukiagiza kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, beba ile ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu. Kwenye bodi ya silinda nyingi kuna saizi ya upana wa ndani imeandikwa kwa inchi, 5/8 au 3/4 au 13/16, lazima zifanane. Silinda ya chini ikiwa pana kuliko ya awali, mafuta yaleyale ya juu yanaisukuma umbali mfupi, klachi haitaachia vizuri na utalaumu fundi bure. Linganisha na nafasi ya bolti na urefu wa fito. Na hosi badilisha siku hiyohiyo, ushasema imepasuka.

Jambo moja ambalo watu hupuuza: masta ya juu na ya chini zimezeeka pamoja. Ukiweka ya chini mpya, presha inarudi kamili, na raba chovu ya juu inaweza kushindwa baada ya muda mfupi. Mfuko ukiruhusu weka zote mbili, au walau raba za juu. Usiporuhusu, weka ya chini na uwe unakagua kapeti kila wiki.

Dizeli_Mtupu

Dada kamaliza kila kitu, mimi naongezea ufungaji na kutoa upepo, maana hapa ndo watu wanaweka spea mpya halafu pedali inabaki laini wanadhani wameuziwa feki.

Kwanza mafuta ya breki yanakula rangi ya gari, weka matambara chini ya kikopo na uwe na maji karibu, likimwagika tone mwaga maji mengi palepale. Nati ya paipu ya chuma ilegeze kwa ile spana ya ringi yenye mdomo uliokatwa, spana ya kawaida inazungusha kona za nati na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Ukifunga masta mpya anza nati ya paipu kwa vidole mpaka uzi ushike vizuri, ndo ukaze. Na skrubu ya kutolea upepo lazima ikae juu ya paipu inapoingilia, upepo unapanda juu siku zote, ukiifunga masta imegeuka skrubu ikawa chini unaweza ukatoa upepo mpaka jioni na usiishe.

Kutoa upepo kwenyewe: jaza kikopo, chomeka kampira ka uwazi kwenye skrubu (nyingi zinakubali spana namba 10, nyingine 8), upande wa pili wa kampira uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Kijana akanyage pedali taratibu mpaka chini aseme "chini", wewe unafungua robo ya mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndo unamwambia aachie. Asiachie kabla hujafunga, vinginevyo hewa inanyonywa inarudi ndani. Mkiwa na mfumo mkavu kama huu wako baada ya kubadilisha hosi, mwanzoni pedali haitarudi yenyewe, ainyanyue kwa mkono. Kila baada ya kurudia mara chache jaza kikopo, kikikauka tu mnaanza upya. Na wala msipampu haraka haraka, ukipampu kwa fujo hewa inasagika kuwa vipovu vidogo kama povu la soda na hivyo havitoki, inabidi usubiri vitulie.

Mimi nikiwa peke yangu natumia sirinji kubwa mpya ya duka la dawa. Naijaza mafuta safi, nafunga kampira kwenye skrubu ya chini, naifungua, nasukuma polepole mafuta yapande kutoka chini kwenda kwenye kikopo. Hewa inafuata njia yake ya asili kwenda juu. Hakikisha tu kikopo kimepunguzwa kwanza kisifurike, na ndani ya sirinji hamna hewa.

Mboga_za_Soni

Wakuu nimerudi. Silinda ilikuwa na vishimo vya kutu kama dada alivyosema, ukucha unakwama kabisa, nimeweka masta ya chini mpya na hosi mpya, raba za masta ya juu nimebadilisha pia. Tumetoa upepo na kijana mpaka mapovu yakaisha. Pedali sasa inarudi yenyewe, gia zinaingia, haivuji. Lakini klachi inaachia chini sana, karibu na sakafu, rivasi bado inakwaruza kwa mbali. Kuna nini tena hapo?

KirinyagaRd_Spares

Vitu viwili. Kwanza kuna hewa kidogo imejificha kwa masta ya juu au kwa ile kona ya paipu. Fungua zile bolti mbili za masta ya chini bila kutoa paipu, ishike mkononi skrubu ikiwa juu, sukuma fito ndani kwa mkono polepole, mwenzako anaangalia kikopo. Utaona vipovu vinatoka huko juu. Achia polepole, rudia mpaka viache. Masta ikiwa imetolewa mtu asikanyage pedali hata kidogo, pistoni itaruka nje na mafuta yote.

Pili, urefu wa fito ya pedali. Ulitoa masta ya juu kuweka raba, kwa hivyo labda ile nati ya kufungia imesonga. Kanyaga pedali na kidole, utaskia inacheza bure kabla haijaanza kusukuma. Kwa Toyota nyingi huo mchezo ni milimita 5 hadi 15. Ukiwa mkubwa zaidi unapoteza safari ya pedali, legeza nati, zungusha fito irefuke, kaza. Lakini usiumalize wote ukabaki sifuri. Fito ikisukuma pistoni muda wote, kile kitundu kidogo cha kurudisha mafuta kwa kikopo kinazibwa, mafuta yakipata joto hayana pa kwenda, yanasukuma masta ya chini na klachi inaanza kuteleza. Hapo ndio unaweza kuunguza pleti ambayo ilikuwa nzima.

Mboga_za_Soni

Ilikuwa yote mawili. Vipovu vimetoka vingi juu kuliko nilivyotegemea, na fito ilikuwa inacheza bure sana, nimeirefusha mpaka imekaa kama milimita 10. Sasa klachi inashika katikati, rivasi inaingia kimya kabisa hata gari likiwa baridi. Nimeshuka Mombo bila mzigo kwanza, nikarudi, nikakagua chini pakavu, kesho napakia. Fundi nimempigia nikamweleza kwa heshima kilichokuwa kibovu, kafurahi, kasema na yeye atakuwa anafunua ule mpira kwanza.

Ranger_wa_Mbeya

Nimefuatilia huu uzi wote. Mimi nina Ford Ranger hii ya kuanzia 2012, pedali imezama vilevile, nimetafuta hiyo masta ya chini ubavuni mwa gia boksi siioni, naona paipu tu inaingia ndani. Kuna matone yanadondoka chini pale injini inapokutana na gia boksi. Nayo naweza kufanya nyumbani?

BiSpana_Mwanza

Kaka yangu, ya kwako iko ndani, imezunguka shafti ya gia boksi na bearing ipo juu yake hukohuko, kwa hiyo hakuna mpira wa kufunua. Kwanza thibitisha hayo matone ni ya nini. Dondosha kwenye kikombe cha maji, mafuta ya breki yanachanganyika na maji yanapotea, oili ya injini au ya gia boksi inaelea juu. Ikielea, tafuta sili ya nyuma ya injini, hiyo ni habari nyingine. Ikichanganyika, masta ya ndani imekufa na gia boksi itashuka, kwako wewe fundi akisema hivyo anasema kweli. Ikishashuka usirudishe vitu vya zamani kuokoa hela, weka masta hiyo mpya, na pleti na presha zikaguliwe palepale, hasa kama mafuta yamerukia kwenye pleti, maana pleti iliyolowa mafuta hata ukiifuta itakuwa inaruka ruka ukiachia klachi.

Na angalia kikopo chako, gari za aina hiyo mara nyingi klachi inanywa kwenye kopo moja na breki. Tundu la klachi huwekwa juu zaidi ili breki zibaki na akiba, lakini usiendeshe ukitegemea hiyo akiba. Kushusha gia boksi ya Ranger nyumbani kwa jeki ya kawaida sikushauri, ni nzito na inahitaji jeki yake maalumu na watu wawili wanaojua wanachofanya.